Nadesico: nilichofanyiwa episodi ya tatu sijakisahau

Natoboa siri zote humu. Kama hujaitazama na unapanga kuitazama, ishia hapa hapa, maana mwenye hasira hachagui cha kuficha.

Nilipewa na shemeji yangu kwenye flashi, kipindi kile cha mvua kubwa. "Chukua hii, shemeji, utacheka mpaka mbavu ziume." Martian Successor Nadesico, anime (katuni ya Kijapani) ya 1996, episodi 26. Na kucheka nilicheka kweli, sitamsingizia. Ni mwaka 2196, maadui wa ajabu kutoka Mshtarii wameshaitwaa Mirihi na sasa wanaichapa dunia, halafu manowari ya angani kali kuliko zote, Nadesico yenyewe, iko mikononi mwa kampuni binafsi, Nergal, iliyoajiri watu kwa ujuzi tu, mambo ya tabia yatajulikana mbele ya safari. Nahodha ni dada mmoja anaitwa Yurika. Siku ya kwanza kazini anachelewa, akifika anawaonyesha wafanyakazi vidole viwili na tabasamu. Anayeshika usukani alikuwa sekretari. Wa mawasiliano alikuwa akiigiza sauti kwenye katuni. Kompyuta kuu anaiongoza Ruri, mtoto wa miaka 11, ambaye kazi yake nyingine ni kuwatazama wakubwa wake na kutamka bila kupandisha wala kushusha sauti kwamba wote ni wajinga. Na Akito, shujaa mwenyewe, ni mpishi. Roboti la vita anaingizwa kwa sababu rubani mwenyewe kavunjika mguu.

Kesi yangu ni ya huyo rubani.

Kwenye karatasi anaitwa Jiro Yamada, ila ukithubutu kumwita hivyo umeanzisha ugomvi: yeye ni Gai Daigoji, na hilo, anasema, ndilo jina la roho yake. Mguu wenyewe hakuuvunja vitani. Aliingia kwenye roboti kabla safari haijaanza, akaanza kupiga mapozi, roboti likaenda chini. Ana kelele, ana majivuno, na mapenzi yake yote ni katuni moja ya zamani ya maroboti, Gekiganger 3, ambayo imetungwa ndani ya anime hii hii. Anamkalisha Akito waitazame pamoja. Nilimpenda siku ile ile. Nikajua huyu ndiye tutakwenda naye mpaka mwisho.

Basi, episodi ya tatu. Katika Gekiganger, mpiganaji mmoja, Joe, anakufa kifo cha kishujaa, kifo cha kupewa muda wake, na Gai na Akito wanamlilia kwa machozi kabisa. Halafu Gai anatoka kupigana, tena vizuri, anarudi salama. Anaingia kule maroboti yanakohifadhiwa, anawakuta Munetake na wenzake, maofisa wa jeshi, wakitoroka kimyakimya. Anapigwa risasi. Moja. Basi. Hakuna maneno ya mwisho, hakuna wa kumshika mkono, adui wa Mshtarii hahusiki kabisa. Kauawa na mtu wa upande wake kwa sababu ya kukaa vibaya njiani. Na baada ya hapo vichekesho vinaendelea! Akito anabaki na donge lake, wengine wana yao.

Nilizima. Nikampigia shemeji, nikamuuliza hiki ulichonipa ni kitu gani. Akacheka, yule mtu. "Sasa shemeji, unagombana na katuni?" Nikamkatia simu. Wiki nzima sikuongea naye vizuri, na mke wangu ni shahidi.

Nimeendelea kwa ubishi tu. Na ubishi wangu ukaongezewa moto, maana Munetake anarudi melini na cheo chake, na nywele zake zile zilizokatwa kama uyoga, anatoa amri. Nikatukana peke yangu sebuleni.

Ila sasa, haki yao niwape. Huko mbele inajulikana kwamba maadui ni watu kama sisi, wajukuu wa waliofukuzwa Mwezini, na wakubwa wa dunia walikuwa wanalificha hilo. Na watu hao wanaiheshimu Gekiganger 3 kama msahafu! Afisa wao mmoja, Tsukumo Shiratori, ana sura ya Gai. Sura yenyewe. Anampenda yule dada wa usukani, anataka vita viishe, anakuja kwenye mazungumzo ya amani, na mtu wa kwao, rafiki yake, anampiga risasi. Yaani wameniulia Gai mara mbili. Safari hii sikuzima. Nilikaa nikaona kwamba ile risasi ya kwanza haikuwa uzembe wa waandishi, walijua wanachofanya toka mwanzo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu siwezi tena kusema ni kazi mbovu.

Mwisho wake ni mbovu, hapo sirudi nyuma. Vita haviishi, watu wanabusiana, majina ya wahusika yanapanda. Filamu ya 1998 nayo inakurusha miaka mbele: Ruri ana miaka 16, ni nahodha, vicheko vimepungua sana. Na Akito, mpishi, amepoteza uwezo wa kuonja. Anamkabidhi Ruri karatasi ya mapishi yake ya rameni, ile supu ya tambi ya Kijapani, makaburini. Mpishi asiyejua chumvi imekolea au haijakolea! Nani anakaa anawaza ukatili wa namna hiyo?

Nilitaka kuipa nyota moja. Naandika nne, na kesho nikiamka nimekasirika upya nitarudi kuipunguza.