Makovu ya chunusi yaliyochimbika: kifurushi kipi cha tiba kinaifaa ngozi yetu?

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo hamtaona krimu hapa mezani. Leo tunalinganisha tiba za makovu ya chunusi, na ninaposema makovu simaanishi madoa meusi. Nazungumzia mashimo, yale yanayobaki hata chunusi zikishaisha miaka mingi. Kliniki nyingi za ngozi siku hizi zinauza tiba hizi kwa vifurushi, mbili au tatu kwa pamoja, na nyie mmekuwa mkiniuliza kila wiki kipi ni kipi. Nimechukua vifurushi vitatu ninavyoviona vikitangazwa zaidi. Na nitawaambia bila kuzunguka mdogo wangu ningempeleka kwenye kipi.

Kabla sijaanza, nisogelee hapa kwenye kamera. Hii taa ya mbele naizima. Nawasha hii ya pembeni, inamulika shavu kutokea upande wa sikio. Mnaona? Shavu ni lilelile, sikupaka wala kufuta kitu, lakini sasa kila shimo limeshika kivuli chake. Ndiyo sababu poda na fandesheni hazifichi kovu la shimo: rangi inafunika rangi, haiwezi kufunika kivuli. Basi ukionyeshwa picha za "kabla" na "baada", acha kutazama shavu kwanza, tazama kivuli cha pua. Kama picha ya kwanza pua ina kivuli upande mmoja, na ya pili uso mzima umejaa mwanga, kilichobadilika ni taa. Hapo usitoe hela.

Sasa turudi shavuni. Hapa karibu na pua kuna matundu membamba, mdomo wake hauzidi milimita 2, lakini yanazama ndani sana. Hapa katikati yapo mapana kidogo, kingo zimesimama wima, chini ni bapa. Na huku kuelekea taya kuna mabonde, zaidi ya milimita 4 kwa upana, huoni yanapoanzia wala yanapoishia, ngozi inapanda na kushuka tu. Mgawanyo huu wa aina tatu uliandikwa na madaktari wa Marekani mwaka 2001 na ndio unaotumika hadi leo. Mwaka 2006 wakaja wengine wawili, Goodman na Baron, na kipimo cha daraja 1 mpaka 4. Daraja la 4, ambalo ndilo kali, ni kovu linaloonekana mtu akiwa nusu mita au zaidi kutoka kwako, na hata ukiivuta ngozi kwa vidole viwili halitanuki likapotea. Jaribu sasa hivi kwenye kioo.

Mtu mwenye makovu makali karibu kila mara ana aina zote tatu kwenye shavu hilohilo moja. Na kila aina ina ubaya wake: mabonde yamevutwa chini na nyuzi za kovu, matundu yamezama kuliko mashine nyingi zinavyofika, yenye kingo yanahitaji kingo zilainishwe. Kwa hiyo mtu anayekwambia mashine yake moja inamaliza yote, anakuuzia mashine.

Haya, kifurushi cha kwanza. Kina kukata nyuzi chini ya ngozi, kuchoma sindano ndogondogo juu yake, na plazima ya damu yako mwenyewe, ile wanayoiita PRP.

Kukata nyuzi madaktari wanaiita sabsisheni, na imeandikwa kwenye majarida ya kitabibu tangu 1995. Unapigwa ganzi. Sindano yenye ncha ya kukatia, au mrija mwembamba butu, inaingizwa ikiwa imelala sambamba na ngozi, kisha daktari anaipeleka mbele na nyuma chini ya bonde. Maumivu siyo tatizo, ganzi inafanya kazi. Kinachowashtua watu ni sauti. Unaisikia ndani ya kichwa, krr, krr, kama kanga inayochanwa pembeni. Zile ni nyuzi za kovu zinaachia. Mimi niliisikia na nikajua kitu kimetendeka hapo, maana miaka yote nilikuwa napaka juu wakati tatizo limefungwa chini. Damu inayovilia pale inaizuia ngozi isishikane tena haraka, na mwili unaanza kujenga kolajeni mpya, ile protini inayoishikilia ngozi, mahali hapo. Utavimba, na shavu litavilia damu wiki moja hadi mbili, kwa hiyo usiiweke karibu na sendofu ya mtu.

Sindano ndogondogo ni kalamu ya umeme yenye sindano zinazoingia milimita 1.5 hadi 2.5 kwenye makovu mazito. Hiyo roli yenye sindano, ya mtandaoni, ya kujifanyia nyumbani haifiki huko salama, na ukiizungusha juu ya chunusi mbichi unasambaza usaha uso mzima. Kuhusu PRP, unatolewa damu mkononi, inazungushwa kwenye mashine hadi chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata, zinajitenga na kukusanyika. Halafu zinarudishwa usoni.

Hapa naomba utulivu, kwa sababu ndipo pesa zenu zinapopotea. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi kutoka India. Watu 50, wote walichomwa sindano uso mzima, nusu ya uso ikaongezewa PRP, nusu nyingine ikaongezewa maji safi yasiyo na dawa. Upande wa PRP ulipata nafuu ya takriban asilimia 62, wa maji takriban asilimia 46. Wauzaji wanaisoma ile 62. Mimi nataka muisome na 46 pia, maana ni maji yale. Sindano ndiyo imebeba sehemu kubwa ya kazi, PRP imeongeza. Mfuko ukiwa mwembamba, punguza PRP, usipunguze sindano, na wala usiguse ile kazi ya kukata nyuzi.

Na jamani, damu ni damu. Huko New Mexico, Marekani, saluni moja ya urembo iliyokuwa haina leseni ilifungwa mwaka 2018, na mwaka 2024 kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kikaeleza kuwa baadhi ya wateja waliofanyiwa PRP ya uso pale waliambukizwa virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo kaa macho wazi. Kichwa cha sindano kifunguliwe kwenye pakiti yake mbele yako. Kichupa cha damu kiandikwe jina lako kabla hakijaondoka machoni pako. Ukisita kuuliza kwa kuona aibu, kumbuka yule mhudumu yuko kazini na wewe umelipa.

Kifurushi cha pili ni asidi ya TCA na leza ya kaboni dayoksaidi. TCA ya namna hii ilielezwa na madaktari wa Korea mwaka 2002, kwa ukali wa asilimia 65 hadi 100. Haipakwi usoni. Inachovywa na kijiti kilichochongwa kikawa chembamba sana, kinabonyezwa ndani ya tundu moja, kisha linalofuata. Sekunde chache tu tundu linageuka jeupe kabisa. Baadaye kinatokea kigaga, kinadondoka chenyewe, na tundu linaanza kujaa kutokea chini. Kwa yale matundu membamba karibu na pua sijaona cha kuishinda, na bei yake huwa ndogo kuliko mashine. Lakini asidi hiyohiyo ikimwagikia ukingo, tundu linapanuka au linaachwa na duara jeusi. Naiona inauzwa mtandaoni kwenye vichupa vidogo, mtu yeyote anaagiza. Msinunue. Tafadhali sana.

Leza ndiyo inanipa mashaka, siyo kwa ubaya wake, kwa ngozi zetu. Inatoboa ngozi kwa joto, nukta kwa nukta, na kuacha ngozi nzima katikati ili ipone upesi. Kwa kingo zile zilizosimama wima inafanya kazi nzuri. Ila ngozi nyeusi ikipata joto hujibu kwa rangi: chembe zinazotengeneza weusi zinaamka, na shimo ulilokuja nalo linapungua huku umebeba doa la miezi. Daktari mzoefu wa ngozi zetu hupunguza wingi wa nukta, na huanza kwa kujaribu kipande kidogo kabla ya uso mzima. Kama hakuna jaribio na hakuna maswali juu ya ngozi yako, ondoka. Kwenye kifurushi hiki mimi ningechukua asidi, na leza ningeiacha hadi mwisho, kama itahitajika hata hiyo.

Cha tatu, sindano ndogondogo zenye joto la mawimbi ya redio. Hizi zinaingia ndani ndipo zinapotoa joto, ngozi ya juu haichomwi sana, kwa hiyo kwa sisi ina hatari ndogo ya madoa kuliko leza. Hilo ni kweli na nalikubali. Wanachokificha kwenye matangazo ni kwamba Oktoba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya mashine hizi: kuungua, makovu mapya, mafuta ya usoni kuyeyuka, neva kuumia. Mtu mwenye mashavu membamba, ambaye tayari ana mabonde, akipoteza mafuta kidogo aliyonayo anazidi kuonekana amechimbika. Na hazikati nyuzi. Basi kama umeshakatwa nyuzi na unatafuta kuongeza, sawa, kwa daktari. Kuanza nazo, hapana.

Kwa hiyo mdogo wangu ningempeleka kwenye kile cha kwanza, na ningeomba matundu yake membamba yaguswe kwa asidi. Angerudia kila baada ya wiki 4 hadi 6, na nisingehukumu matokeo kabla ya miezi mitatu hadi sita kupita tangu mara ya mwisho, kwa sababu kolajeni haijengwi kwa haraka ya mtu. Ngozi haitarudi kama ya utotoni. Ukiona mashimo yamepungua kwa nusu, umefaulu.

Lakini kuna wasiotakiwa kuanza leo. Kama chunusi bado zinatoka, tibu chunusi kwanza, vinginevyo unaziba shimo moja huku mengine mawili yanachimbwa. Kama ukijikata kovu lako huvimba na kukua kupita kidonda, ile keloidi, au kuna mtu kwenu analo, sema kabla ya sindano yoyote. Na dada zangu wa mkorogo, sikilizeni kwa upendo. Mikorogo mingi ina dawa za steroidi zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba na zenyewe huleta chunusi. Mwambie daktari ukweli, taja na jina la kopo. Atakusaidia kuacha taratibu, maana ukikata ghafla uso unaweza kuwaka moto.

Wapi pa kuanzia? Tanzania tuna kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinachofundisha wataalamu wa ukanda huu tangu 1992, na Muhimbili wana kliniki ya ngozi. Hata kama mashine utaikuta hospitali binafsi, nenda kwanza kwa daktari wa ngozi akutajie kwa jina makovu uliyonayo. Ukishajua asilimia kubwa yako ni mabonde, hutauziwa leza kirahisi.

Baada ya tiba yoyote kati ya hizi, sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, kila asubuhi, yenye kinga ya SPF 30 kwenda juu, hata siku ya mawingu. Kwa ngozi nyeusi zile zenye rangi ni bora zaidi, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo yanazuia hata mwanga wa kawaida unaoamsha madoa. Vigaga msivibandue.

La mwisho, maana mmeliuliza sana: vidonge vya isotretinoini, vile vya chunusi kali. Zamani kila mtu aliambiwa asubiri miezi sita baada ya kuvimaliza ndipo ashikwe uso. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walipitia ushahidi upya, wakaona hakuna sababu ya kutosha ya kuwachelewesha wanaotaka kuchubua kwa juujuu kwa asidi nyepesi. Kusugua uso mzima kwa kina na leza nzito ya uso mzima bado walisema isubiri. Uamuzi ni wa daktari wako, lakini hawezi kuamua kama hajui ulivimeza lini. Nenda na pakiti yenyewe mkononi, na tarehe ya kidonge cha mwisho umeiandika juu yake.