Vifungashio vya Kusafirishia Vitabu kwa Posta: Tazama Pembe Kwanza

Kitabu kilichonisukuma kuandika mwongozo huu kilikuwa cha mashairi, chenye jalada gumu la kitambaa cha kijani, nacho kilimfikia mnunuzi ndani ya bahasha yenye bitana ya viputo vya hewa, isiyokuwa na mchubuko wala doa la maji. Picha aliyonitumia ilionyesha pembe ya chini ya jalada ikiwa imebonyea: kitambaa kimepasuka kwa upana wa ukucha, na kadibodi ya kijivu iliyo chini yake imeachana tabaka kwa tabaka kama gome la mti lililolowa. Nilimrudishia fedha zake zote, lakini alikuwa amekitafuta kitabu hicho kwa muda mrefu na sikuwa na nakala nyingine ya kumpelekea. Bahasha zenyewe nilikuwa nimenunua mia moja kwa mkupuo, kwa sababu muuzaji alikuwa ameziandikia kwamba zinafaa kwa vitabu.

Kuhusu maji sina mengi ya kusema, kwa kuwa mfuko mwepesi wa nailoni uliofungwa vizuri unatosha. Jambo ambalo wanunuzi wa vifungashio hawaliulizi, na wauzaji hawalisemi, ni hali ya pembe za kitabu pale kifurushi kinapoanguka. Kitabu cha kilo moja kikianguka kwa ubapa, uzito wake hutawanyika kwenye jalada zima na mara nyingi hakidhuriki. Kikianguka kwa pembe, uzito uleule wote hutua kwenye sehemu ndogo kuliko ncha ya kidole. Ndani ya bahasha, pembe ndiyo inayoisukuma na kuivuta bitana hadi ikakaza, kwa hiyo kinga huwa nyembamba zaidi hasa pale inapohitajika kuwa nene. Kabla hujanunua chochote, weka kitabu ndani, kisha bonyeza pembe kwa kidole gumba kutoka nje: ukiisikia ncha ngumu ya jalada chini ya kidole, kifungashio hicho hakifai kwa kitabu chenye jalada gumu, hata kama kimesifiwa namna gani.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa katoni ya kuzungushia, yaani kipande kimoja cha katoni kilichokatwa na kutiwa mikunjo, ambacho unakilaza mezani, unaweka kitabu katikati, unakunja pande mbili juu yake na kufunga. Ubora wake uko kwenye ncha: zikishakunjwa, zinatokeza kupita kitabu, na kifurushi kikianguka kwa pembe, katoni tupu ndiyo inayobonyea kabla kishindo hakijafika kwenye jalada. Chagua ile ambayo ncha zake zinapita kitabu kwa sentimita 1.5 au zaidi kila upande, na yenye mikunjo kadhaa sambamba ili ikubali kitabu chembamba na kinene. Angalia pia mawimbi yaliyo ndani ya katoni yenyewe, yaani ile karatasi iliyopindwapindwa kati ya karatasi mbili bapa. Yale yanayoitwa B huwa na unene wa karibu milimita 3, na yale yanayoitwa E karibu milimita 1.5, mimi huchukua B kwa jalada gumu na kuiachia E vitabu vyepesi vya jalada laini. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Kitabu kisipobanwa katikati, kitateleza safarini mpaka kifike ukingoni, na hapo ile nafasi tupu uliyoilipia inakuwa haina kazi. Kwa hiyo kifunge kwanza kwa karatasi safi isiyo na wino, kizidishie karatasi pande zote mpaka kisiweze kusogea, kisha ukitikise karibu na sikio. Ukisikia mgoto wowote, fungua uanze upya.

Nafasi ya pili ni boksi la katoni, ambalo linaipita katoni ya kuzungushia pale tu unapotuma vitabu vitatu au zaidi. Vilaze kwa ubapa, vikubwa chini, wala usivisimamishe kurasa zikiwa zimeelekea chini, kwa sababu uzito wa kurasa huvuta mgongo na kuuachanisha na jalada. Acha sentimita 3 hadi 5 za karatasi iliyofinyangwa pande zote, na zaidi kwenye pembe nane za boksi, kwa kuwa boksi nalo huangukia pembe kama kitabu. Hata hivyo, usinunue boksi kubwa kuliko haja. Kampuni nyingi za usafirishaji wa haraka hutoza kwa uzito wa ujazo pale unapozidi uzito halisi: huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 20 litahesabiwa kuwa kilo 4.8 hata kama ndani mna kilo mbili za vitabu, na hizo kilo 2.8 za hewa unazilipia wewe.

Bahasha zenye viputo zinakuja nafasi ya tatu, na ninaziweka hapo kwa masharti. Plastiki ya viputo ilibuniwa mwaka 1957 na Alfred Fielding na Marc Chavannes, waliokuwa wakijaribu kutengeneza karatasi ya kupamba kuta, na tangu hapo imelinda vitu vingi vyenye uso mpana. Kwenye pembe mambo ni tofauti. Nilikata kipande cha bahasha zangu nikakikandamiza kwa pembe ya jalada gumu: viputo viwili vya kwanza vikapasuka palepale, na baada ya hapo hapakubaki kitu ila plastiki mbili zilizogusana. Viputo vikikandamizwa moja kwa moja kwenye jalada linalong'aa, hasa penye joto, vinaweza pia kuacha alama za miduara. Kwa hiyo zitumie kwa kitabu chembamba cha jalada laini peke yake, tena baada ya kukibana kati ya vipande viwili vya katoni vinavyokipita kwa sentimita mbili kila upande, mawimbi ya kimoja yakiwa wima na ya kingine yakiwa ya kulala.

Bahasha ya kaki tupu ni rahisi kuliko zote, na inafaa vijitabu na majarida. Kitabu usikitie humo.

Kwa selotepu ya kufungia sitaficha upendeleo wangu: nanunua Scotch ya kampuni ya 3M, ile nzito ya vifurushi, na nimeacha kujaribu nyingine. Inashika katoni mara ya kwanza, haichaniki kwa ubavu wakati wa kuivuta, na sijapata kuona boksi langu likifunguka kwa sababu yake. Ukitumia selotepu dhaifu, mfuniko unaachia upande mmoja, vitabu vinapata nafasi ya kucheza, na tunarudi kwenye pembe zilezile. Pitisha mkanda mmoja katikati ya mfuniko na mmoja kila ukingo, na uhakikishe haugusi kitabu popote.

Upande wa nauli, usikubali kutuma kitabu kama kifurushi cha kawaida kabla hujamuuliza karani kuhusu kiwango cha machapisho. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, unayatambua machapisho kama aina yake ya barua: kikomo chake cha kawaida ni kilo 2, na nchi zinaruhusiwa kukifikisha kilo 5 kwa vitabu. Upo pia mfuko maalumu uitwao M, wa hadi kilo 30, kwa machapisho yanayokwenda kwa mpokeaji mmoja kwenye anwani moja. Kabla ya kupima, piga hesabu mezani. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, hivyo kitabu cha ukubwa wa A5 chenye kurasa 300 kina karibu gramu 375 bila jalada, na mara nyingi ni kifungashio kinachokivusha kwenye daraja la nauli linalofuata. Ukilazimika kupunguza, punguza karatasi zilizo juu ya ubapa wa jalada, zile za pembeni uziache. Mfuko wa M nao hurushwa kama gunia, kwa hiyo vitabu vya ndani vifungwe kwenye maboksi yao kwanza.

Wauzaji wa vifungashio wana deni kwetu. Wanaandika vipimo vya nje, wakati mshono wa bahasha na unene wa viputo hula sehemu ya ndani, na mnunuzi hugundua kitabu hakiingii baada ya kulipia pakiti nzima. Maboksi yaliyoandikwa tabaka mbili nimeyakata kwa kisu nikakuta safu moja ya mawimbi. Tena wengi wanakataa kuuza kimoja kimoja, ili usipate nafasi ya kujaribu kabla ya kuchukua mia. Kuandika urefu na upana wa ndani hakumgharimu muuzaji kitu, na kuandika kuwa kifungashio kinafaa vitabu bila kukijaribu kwa kitabu ni kumtwisha mteja hasara. Siku hizi naingia dukani na rula na kitabu kikuukuu cha jalada gumu mkobani, naomba kifungashio kimoja kifunguliwe mbele yangu, nakitia kitabu, nabonyeza pembe zote nne kwa kidole gumba, na muuzaji asiyeniruhusu kufanya hivyo simlipi.