Betri ya laptopu: uliza tarehe kabla hujauliza bei

Stika ya duka ilikuwa ndogo, nyekundu, imebandikwa pembeni mwa lebo ya betri. Niliibandua kwa ukucha nikiwa nimekaa barazani kwetu Langoni, Lamu, kwa sababu ilifunika mstari mmoja wa maandishi. Chini yake palikuwa na tarehe ya kutengenezwa: 2017/11. Betri hiyo nilikuwa nimeinunua mwaka jana kwa shilingi 6,500, kwa muuzaji wa Nairobi aliyeniapia kwenye simu kwamba ni mpya.

Na kweli ilikuwa haijatumiwa. Nilipoandika kwenye Windows powercfg /batteryreport, amri inayotoa ripoti ya hali ya betri, mizunguko ya chaji ilikuwa sifuri. Lakini ujazo wa kiwandani ulikuwa wati-saa 48 (wati-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), na ujazo iliobaki nao ulikuwa 35. Robo nzima ya betri ilikuwa imepotea kabla sijaitia kwenye mashine.

Tunapotafuta betri huwa tunauliza bei, tunauliza inakaa saa ngapi, tunauliza kama ni orijino. Tarehe haulizi mtu. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa imelala kabatini, na kinachoizeesha upesi ni joto likikutana na chaji iliyojaa. Ikijazwa mpaka pomoni na kuwekwa mwaka mmoja kwenye joto la nyuzi 40, hubakiwa na kama asilimia 65 ya ujazo wake. Ikiwekwa na chaji ya asilimia 40 mahali penye nyuzi 25, hubakiwa na kama 96. Sasa fikiria iliyokaa miaka stoo chini ya mabati, ikapanda buti la basi hadi Mokowe, kisha ikangoja boti juani.

Nilimpigia muuzaji. "Dadangu, stika umeibandua, waranti imekwisha." Nikamwambia stika yenyewe ndiyo iliyoficha tarehe. Akasema hata hivyo waranti ilikuwa ya siku saba, na siku hizo zilianza alipoukabidhi mzigo kwa basi. Mimi mzigo ulinifikia siku ya tano. Sisi wa kisiwani tunalipa nauli ya basi, tunalipa na boti, halafu waranti inaliwa njiani. Samaki sokoni tunamfunua matamvua kabla ya kutoa pesa, na mvuvi hakasiriki. Kwa nini lebo ya betri ifunikwe?

Kwa hiyo nimezipanga betri hizi kwa jambo moja kubwa: ni rahisi kiasi gani kujua umri wake. Ikivuka miaka miwili tangu itengenezwe, mimi siichukui.

Ya kwanza, na mapenzi yangu siyafichi, ni ya Lenovo: betri ya nje ya laptopu zao za ThinkPad T470 na T480 iliyoandikwa 61++, ya wati-saa 72. Mashine hizi zina betri mbili, moja ndani ya wati-saa 24 na moja nje. Ukizijumlisha unapata 96. Kazi yangu ni kuandaa hesabu za nyumba mbili za wageni Shela, na laptopu yangu hula wati 8 hivi. Hapo napata muda wa saa 12 za kazi. Stima ikikatika mwisho wa mwezi, siinuki kitini. Ya nje unaichomoa na kuibadilisha bila kuzima mashine, kwa sababu betri ya ndani inaishikilia, wala humhitaji fundi. Kilichonifunga kabisa kwa Lenovo ni programu yao ya Vantage: inaonyesha tarehe ya kutengenezwa kwa betri na tarehe ilipoanza kutumika. Hapo hakuna stika inayofunika kitu. Angalizo moja kwa wenye mashine za zamani kidogo, T430 na X230: hizo hukataa kuchaji betri isiyo ya Lenovo, kwa hiyo ya bei nafuu itakuwa pesa iliyotupwa.

Ya pili ni ya Dell Latitude. Wao tarehe wameificha ndani ya nambari ndefu ya lebo, lakini ukiijua haikupotei. Tafuta kundi la tarakimu na herufi tatu katikati ya vistari. Ya kwanza ni mwaka, ya pili mwezi, ya tatu siku. Oktoba ni A, Novemba ni B, Desemba ni C. Siku nazo zikipita 9 zinageuka herufi. Ukiona 8A5, basi ni tarehe 5 Oktoba ya mwaka unaoishia na 8, yaani 2018. Mwaka wanaandika tarakimu ya mwisho tu, basi uwe macho: 6 yaweza kuwa 2016 au 2026.

HP EliteBook naiweka ya tatu. Betri ya 840 G3 ni CS03XL, wati-saa 46.5, nayo iko ndani, lazima mfuniko wa chini ufunguliwe kwa bisibisi. Si mbaya, ila lebo yake huioni mpaka mashine iwe uchi mezani. Padi ya kugusa ikianza kuinuka au kubonyea kwa ugumu, acha kuchaji hapo hapo: betri imevimba. Usiitoboe, usiikandamize irudi.

Zisizo na jina, za shilingi 2,500, ujazo ulioandikwa juu yake usiuamini.

Ukishapata nzuri, ikinge na joto letu. Kwenye Vantage weka chaji ikomee asilimia 80. HP na Dell wana mpangilio wa namna hiyo kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Siku ya safari ndiyo ijaze. Laptopu isichajiwe juu ya godoro, na wakati wa Kaskazi ukiiacha chumba cha juu mchana, izime. Pini za betri ya nje zipanguse kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, maana hewa ya chumvi haina msamaha. Na anayebadilisha ya ndani kwenye ThinkPad, kwanza aingie BIOS kwa kubonyeza F1 mashine inapowaka, aizime betri ya ndani, ndipo afungue mfuniko.

Wiki iliyopita nilimtafutia dada yangu betri ya T480. Niliwaandikia wauzaji watatu ujumbe ule ule: "Naomba picha ya lebo nzima, pasiwe na stika juu yake." Wawili walinijibu kwa bei. Wa tatu aliitoa kwenye boksi, akaiweka kaunta karibu na taa, akapiga picha inayosomeka mpaka nambari ya mwisho. Tarehe haijafikisha mwaka. Alitaka shilingi 1,200 zaidi ya wenzake. Nimemtumia zote kwa M-Pesa bila kuomba apunguze.