Uzoefu wangu na lineinfile ya Ansible: mstari mmoja, seva 14

Nasimamia seva 14 za Linux, nyingine ziko Dar es Salaam, nyingine tumezikodi Ujerumani. Zote ni Debian na Ubuntu, ila za miaka tofauti. Kazi iliyonifanya nitafute msaada ilikuwa ndogo: kuzuia watu kuingia kwa nywila kupitia SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), wabaki wanaotumia funguo tu. Ni mstari mmoja ndani ya /etc/ssh/sshd_config, faili la mipangilio ya sshd, yaani SSH upande wa seva. Lakini mstari huo mmoja ukiurudia kwa mkono mara 14, macho yanachoka na seva moja inarukwa bila wewe kujua.

Nilianza na sed, amri ya kutafuta na kubadilisha maandishi, ndani ya skripti ya bash. Ni nyepesi na ina kasi, ila isipopata ulichokitafuta inapita kimya na kukuambia mambo yamekwenda vizuri. Seva zangu mbili zilikuwa na tab mahali nilipotegemea nafasi ya kawaida. Nikaripoti kazini kwamba tumefunga. Wiki mbili baadaye nikawa napitia auth.log, kumbukumbu ya wanaojaribu kuingia, nikakuta watu wasiojulikana bado wanajaribu nywila na seva inazipokea kuzikagua. Iliniuma sana, maana wenzangu walikuwa wameniamini.

Hapo nikahamia Ansible, programu ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja, aliyoianzisha Michael DeHaan mwaka 2012 na ambayo Red Hat waliinunua 2015. Haikudai nisakinishe kitu cha kudumu kwenye kila seva. Inapita kwenye SSH ileile na kutumia Python iliyopo. Moduli yake (kipande cha kufanya kazi moja) ya lineinfile unaipa faili, ruwaza ya mstari unaotafutwa na mstari unaoutaka. Ikiupata inaubadilisha, isipoupata inauongeza mwisho wa faili. Ukiiendesha tena kesho na mstari uko sawa, haigusi kitu, inaandika "ok". Ikigusa inaandika "changed". Mimi sasa naiendesha kila Jumatatu kama ukaguzi: seva ikitoa "changed", najua kuna mtu aliingia akahariri.

Ila "ok" hiyo ilinidanganya mwanzoni, na hapa ningependa usome polepole.

Ruwaza yangu ya kwanza ilikuwa '^#?\s*PasswordAuthentication'. Inaonekana haina shida. Tatizo ni kwamba lineinfile ikipata mistari kadhaa inayolingana, inabadilisha wa mwisho peke yake. Na katika sshd_config ya Debian, chini kidogo, kwenye maelezo ya PAM (mfumo wa Linux wa kuhakiki watumiaji), kuna mstari wa maelezo unaoanza na alama ya reli (#), nafasi, kisha neno hilohilo PasswordAuthentication na nukta. Moduli ikaung'oa mstari huo wa maelezo na kuweka "no" yangu pale. Juu yake, "PasswordAuthentication yes" ikabaki hai. Na sshd inafuata thamani ya kwanza inayokutana nayo. Kwa hiyo faili lilikuwa na "no", Ansible inasema "ok", na mlango uko wazi.

Sasa naandika hivi, ruwaza isiruhusu nafasi baada ya alama ya reli, na firstmatch ichukue mstari wa kwanza:

    - name: Zuia kuingia kwa nywila
      ansible.builtin.lineinfile:
        path: /etc/ssh/sshd_config
        regexp: '^#?PasswordAuthentication\s'
        line: PasswordAuthentication no
        insertbefore: '^Match'
        firstmatch: true
        backup: true
        validate: /usr/sbin/sshd -t -f %s

Ile insertbefore ina kisa chake. Seva moja ina kundi la watumiaji wa SFTP (kuhamisha mafaili kupitia SSH), na faili lake linaishia na Match Group, sehemu ya masharti ya kundi hilo tu. Mstari ukiongezwa mwisho wa faili unaangukia ndani ya Match, unawahusu wale wa SFTP tu. Wengine wote wanaendelea kama zamani.

Validate ndiyo naipenda kuliko vyote. Inakagua nakala ya muda kabla ya faili halisi kuguswa. Ukikosea herufi, kazi inasimama na seva inabaki salama. Kwa sudoers, faili la wanaoruhusiwa kutumia mamlaka ya root, tumia visudo -cf %s, usithubutu bila hiyo. Lakini inakagua sarufi ya faili tu, haijui ulikusudia nini. Makosa yangu mawili ya juu yangepita hapo bila tatizo.

Kwenye Ubuntu 22.04 nilikuta jingine. Juu kabisa ya sshd_config kuna Include inayosoma mafaili ya sshd_config.d, na cloud-init, programu inayoandaa seva mpya inapowashwa mara ya kwanza, ilikuwa imeacha humo 50-cloud-init.conf yenye "yes". Kwa kuwa linasomwa kwanza, ndilo linaloshinda. Kwa seva hizo nimeacha lineinfile kabisa. Napeleka faili langu dogo linaloanza na 00 kwenye saraka hiyo, basi.

Ninapoitegemea lineinfile hadi leo ni php.ini, mipangilio ya PHP: faili refu la watu wengine, na mimi nataka upload_max_filesize tu itoke 2M. Ukijikuta una kazi sita za lineinfile kwenye faili moja, andika faili zima kwa moduli ya template. Nilichelewa kulifanya hilo, na ruwaza zilianza kukanyagana.

Kasi ni ya wastani. Kwa kawaida inashughulikia seva 5 kwa wakati mmoja; nimepandisha forks (idadi hiyo ya seva kwa mkupuo) hadi 14 na kuwasha pipelining, inayopunguza safari za SSH kwa kila kazi, kwa sababu safari ya hadi Ujerumani na kurudi kwa kila hatua inachosha.

Kabla ya kuendesha, naanza na --check --diff (jaribio lisilobadilisha kitu, linaloonyesha tofauti tu) na kuacha dirisha moja la SSH likiwa wazi. Baada ya kuendesha, siangalii faili tena. Namuuliza sshd mwenyewe anapata thamani gani akisoma mipangilio yote:

    ansible all -b -m shell -a "sshd -T | grep -i ^passwordauth"

Nikihesabu "passwordauthentication no" 14, ndipo naandika ripoti.