Ukinunua rekodi moja tu ya Music for 18 Musicians, chukua ipi?

Mtunzi Mmarekani Steve Reich alikamilisha utunzi huu mwaka 1976, na ukapigwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Town Hall, New York, tarehe 24 Aprili mwaka huohuo. Una sauti nne za wanawake wasioimba maneno, piano, marimba, zailofoni, vaibrafoni, klarineti, fidla na selo. Kondakta, yaani mtu wa kuwaongoza wapigaji kwa mikono, hayupo. Vaibrafoni, ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa, ndiyo inayowapa wenzake ishara ya kuhama sehemu, na mwanzoni kabisa waimbaji na wapiga klarineti hurudia noti moja hadi pumzi iwaishie. Kwa hiyo mimi huchagua rekodi kwa kusikiliza pumzi: je, inapanda na kushuka juu ya marimba, au imemezwa?

Namba moja kwangu ni ya kampuni ya rekodi ya ECM, iliyotoka 1978, Reich mwenyewe akiwa na kundi lake. Wanapiga kama watu ambao bado wanaushangaa muziki walioushika mkononi. Sauti za wanawake zimechanganyika na klarineti hadi huwezi kujua ipi imeanza na ipi imepokea, na klarineti za besi zinapoingia unazisikia kifuani. Nunua CD. Santuri ni nzuri kuitazama, lakini inabidi uigeuze katikati, na muziki huu haupaswi kukatwa. Kasoro yake ni kwamba CD nzima ni wimbo mmoja, huwezi kuruka sehemu.

Ya pili ni ya kampuni ya Nonesuch, 1998, ya Reich na wanamuziki wake tena. Inafika dakika 67 hivi, kama kumi zaidi ya ile ya ECM, na ilipata tuzo ya Grammy 1999. Imegawanywa vipande 14. Mwanafunzi wa muziki anayetaka kulinganisha sehemu na sehemu aanze na hii, wala asisite.

Kundi la Ensemble Signal na kiongozi wake Brad Lubman (kampuni ya Harmonia Mundi, 2015) wanashika nafasi ya tatu. Kila ala inasikika mahali pake, safi kabisa. Mwenye spika nzuri atafurahi. Mimi nakosa joto kidogo.

Kundi la chuo cha Grand Valley State, Michigan (Innova, 2007), linastahili kusikilizwa kwa ari yake. Mwanamuziki Erik Hall, katika rekodi yake ya 2020, alipiga sehemu zote peke yake. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa, ila naiweka mwisho kwa sababu hapa pumzi za watu wengi zinazosubiriana ndizo muziki wenyewe.

Kabla ya kulipa, sikiliza dakika nne za mwanzo kwa vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu spika ya simu huua besi. Ukinunua faili za ile ya Nonesuch, hakikisha programu yako haiweki ukimya kati ya kipande na kipande.