Spana zao nzuri, ila wamenivunjia flaiwili

Spana zenyewe nzuri, nisiwadhulumu. Nilinunua sanduku zima kwenye duka moja la vifaa hapa Kigoma mjini, mvua zilipokuwa zinaanza, ili niifumue na kuiunda upya Johnson, mashine ya mtumbwi ya marehemu baba. Niliwaambia mapema kuwa mashine hii ni ya Marekani, boliti zake ni za inchi, na wakanipa za inchi kweli. Wengine watakuuzia spana 13 kwa nati ya nusu inchi, wakati nusu inchi ni milimita 12.7. Inapwaya, ukilazimisha inakula kona zote za nati. Na bisibisi yao ya kugonga, jamani! Skrubu zilizoganda kwa kutu zilitii zenyewe.

Sasa pula, kifaa cha kuvutia kitu kilichong'ang'ania.

Pointi na kondensa za Johnson hii, vile vya kuwasha moto wa plagi, ziko chini ya flaiwili, gurudumu zito la juu ya mashine, na flaiwili imeng'ang'ania ncha ya krenki, mhimili unaozunguka, iliyochongwa umbo la koni. Inataka pula ya bamba: boliti tatu unazifunga kwenye matundu ya flaiwili yenyewe, ya nne, ya katikati, inasukuma krenki. Nilimweleza kijana wa duka hivyo hivyo, kidole kikiwa juu ya matundu. Akaleta pula ya kucha tatu, ile ya kutolea beringi. Nikaikataa. Akanijibu mbele ya wateja: "Mzee, pula ni pula. Wewe fundi au mvuvi?"

Mimi mvuvi, ndiyo, na mashine hii naijua tangu nikiwa mtoto wa kukumba maji mtumbwini.

Akaivamia mwenyewe pale pale kwenye meza yao. Akanasa kucha kwenye ukingo wa flaiwili, akakaza. Namwambia acha, anakaza. Ilipogoma akachukua nyundo, akaupiga ukingo. Ndani kikakatika kitu, sauti kavu kama kijiti. Sumaku za flaiwili! Tulipokuja kuifungua, moja ilikuwa imepasuka, kipande kinachezacheza juu ya koili. Hata pole sikupewa. Eti uzee wa mashine.

Aliyeitoa ni fundi wa kuchomelea kule Kibirizi. Alitoboa bamba la chuma, akafunga boliti tatu, nati akaiacha imeshika nyuzi za mwisho ili ncha ya krenki isiumie. Akakaza ya katikati, akagonga kichwa chake kidogo, paa! Imetoka.

Nilitaka kuandika kwamba duka ni zuri, kasoro pula. Hapana. Flaiwili ya Johnson ya zamani naitafutia wapi? Giza la mwezi limeingia, wenzangu wanashusha dagaa Katonga, mtumbwi wangu umefungwa. Msinunue kwao hata msumari.

Ila ile bisibisi ya kugonga, ukiikosa kwingine, mtume mtu akakununulie. Mashine yako iache nyumbani.