Tasbihi ya digitali ya kidoleni: nimehesabia dhikri, nikahesabia na manung'uniko

Assalamu alaykum wapendwa. Naandika kuhusu hii tasbihi ndogo ya kuvaa kidoleni, ile ya plastiki yenye kiskrini na batani, maana kwenye magrupu kila siku kuna mtu anaiuliza na majibu yanaishia "nzuri" au "bidaa" (jambo la kuzushwa kwenye dini) basi, hakuna anayesema inamsaidiaje mtu ambaye kichwa chake kimejaa mawazo mabaya kuanzia anaamka mpaka analala, na mimi hiyo ndo sababu iliyonipeleka kuinunua.

Kifaa chenyewe ni kidogo sana. Kina tarakimu tano, yani kinafika 99,999, batani kubwa ya kuhesabia, batani ndogo ya kurudisha sifuri, kamba ya kulegeza na kukaza, na betri ndogo ya duara. Zingine zina taa unasoma hata gizani. Kariakoo utazikuta, nje ya misikiti utazikuta, bei inategemea na muuzaji, yangu nilichukua kwa shilingi 3,000.

Kwa tasbihi za baada ya swala siitumii kabisa. Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33 na ile ya kukamilisha mia, hizo vidole vinatosha, na hadithi ipo kwenye vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w) anawausia wanawake wahesabu kwa vidole kwa sababu vidole vitaulizwa na vitasemeshwa. Sa mwenye vidole vyake atafute plastiki ya nini kwa hesabu ya 33? Ila kwa istighfari (kuomba msamaha wa Allah) nyingi au kumswalia Mtume ukiwa kwenye daladala umeshika bomba kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine, hapo inafaa sana, unabonyeza kwa dole gumba tu na hakuna anayekuangalia.

Sasa nije kwenye matumizi yaliyonifanya niandike. Wote tunajua aya ya Suratu Ibrahim kwamba mkishukuru atawazidishia, tunaijua kwa kichwa, tunaiandika kwenye kanga, lakini mtu anasema Alhamdulillah mara mia na moyo wake unaendelea kulalamika chini kwa chini bila yeye kujua, ulimi uko huku nafsi iko kule. Kwa hiyo nikaamua nikishamaliza uradi wa asubuhi, yani dhikri zangu za kila siku, narudisha sifuri, halafu mchana kutwa nabonyeza kila nafsi inaponung'unika. Sio maneno ya mdomoni tu, hata yale ya ndani. Umeme umekatika, nikikereka, bonyeza. Mteja anaomba apunguziwe na mimi moyoni nishaanza kumsema, bonyeza. Mtu kapata safari ya Umra na mimi roho inaniuma, bonyeza.

Namba ya jioni ilinishtua. Na faida haikuwa kushtuka, faida ni kwamba baada ya muda nilianza kuona mpangilio. Manung'uniko yangu mengi yanakuja kati ya adhuhuri na alasiri nikiwa sijala, na mengine kibao yanakuja nikiwa naangalia status za watu kwenye simu. Hilo la status lilinirudisha kwenye hadithi iliyomo kwenye kitabu cha Imamu Muslim, tuangalie walio chini yetu na tusiangalie walio juu yetu ili tusije tukadharau neema za Allah, na kwa kweli simu ni dirisha la kuangalia walio juu kutwa nzima, harusi zao, magari yao, watoto wao wamefaulu. Siku hizi mchana naila ndizi yangu mapema na status naziacha mpaka usiku, na mawazo mengi niliyokuwa nayaita shetani yamepungua, kumbe mengine ilikuwa njaa.

Usiku kabla ya kulala nakaa na ile namba. Hii ndo muhasaba wenyewe, kujihesabu nafsi, maneno yaliyopokewa kwa Sayyidna Umar kwamba tujihesabu kabla hatujahesabiwa. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa zamani, amemtaja mtu wa mji wa Raqqa, Tawba bin Simma, aliyepiga hesabu ya miaka yake 60 akakuta siku 21,500, akalia akisema nitakutana na Mfalme (yani Allah) na dhambi 21,500 na hapo ni moja tu kwa siku, basi ikawaje na siku yenye dhambi elfu kumi, akaanguka akafa. Simsimulii kumtisha mtu, namsimulia kwa sababu watu wema walihesabu siku zao zamani sana kabla ya batani hii, kwa hiyo anayesema ni mambo ya kisasa ya kuiga tu hajafuatilia.

Ila namba ya manung'uniko peke yake inaweza kukuvunja moyo, ndo maana kwa kila nung'uniko ninalolikumbuka natafuta neema moja iliyokuwa pembeni yake, na naitaja kwa jina. Siwezi kusema tu "namshukuru Mungu kwa kila kitu" nikalala. Umeme ulikatika lakini maji yalitoka, mteja yule mbishi alilipa taslimu. Ghazali anasema shukrani ina elimu, hali na amali, yani ujue neema imetoka kwa nani, moyo ufurahi kwa huyo aliyetoa, kisha uitumie neema kwa anachokipenda. Mimi nilikuwa nikiishia kwenye ulimi. Hiyo ya amali ndo ngumu na ndo tamu, kwa mfano ukigundua umenung'unika juu ya chakula basi kesho yake mpelekee jirani sahani.

Na nampenda sana Bibi Fatma (r.a), binti wa Mtume, kwenye jambo hili. Mikono yake iliumia kwa jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, yeye na mumewe Sayyidna Ali wakafundishwa wakienda kulala waseme Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, wakaambiwa hiyo ni bora kwao kuliko mtumishi. Uchovu wake ulikuwa wa kweli kabisa na hakuna aliyemwambia ananung'unika. Kwa hiyo kutaja shida yako kwa anayeweza kukusaidia sio kukosa shukrani, hiyo usiibonyeze. Na mtu ambaye giza halimtoki, usingizi hapati, chakula hali, anawaza kujidhuru, huyo aende hospitali aangaliwe sonona huku akiendelea na dhikri zake, asiambiwe imani yake ndogo.

Kasoro sasa. Batani ya sifuri kwenye yangu iko karibu mno na ile kubwa, mara kibao hesabu inafutika mchana. Kamba ya mpira inafanya kidole kitoe jasho. Maji haiyataki, ivue kabla ya udhu na usiiache kwenye sinki. Na jingine kubwa kuliko hayo, ukianza kuwaonyesha watu namba yako ya dhikri hapo umeshaharibu, nilishaona dada mmoja ameposti skrini ya elfu kadhaa na nikamuombea tu, na mimi yangu naifuta kabla sijalala.

Kwa bei hii nasema inunuliwe, tena ukipata zenye rangi mbili chukua mbili, moja ya dhikri na nyingine ya manung'uniko, usichanganye. Ila dukani ibonyeze kwanza mara nyingi haraka haraka uone kama inaruka namba, na muulize muuzaji kama betri ya akiba anayo, maana nyingi zinauzwa na betri iliyokaa sana inaisha mapema.